Jina Jipya, Milango Michache
Wasee, serikali ikisema "tunaunganisha huduma" sisi hupiga makofi haraka. Hebu niwape historia ya Uingereza kidogo.

Mwaka 1999, serikali ya Tony Blair ilianzisha Sure Start kwenye mitaa maskini. Mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano angeingia mlango mmoja apate ushauri wa afya, mahali mtoto anacheza, hata usaidizi wa kutafuta kazi. Kufikia 2010 vituo vilikuwa zaidi ya 3,500.

Halafu serikali ikabadilika. Mwaka 2011 halmashauri ziliruhusiwa kutumia pesa hizo kwa mambo mengine, na wakati huohuo bajeti zao zinakatwa. Unajua kilichofuata. Vituo vingi vikafungwa, vingine vikaunganishwa. Mwaka 2021 zikatangazwa Family Hubs kwa maeneo 75: familia nzima, mtoto mchanga hadi kijana wa miaka 19.

Wazo lenyewe mimi nalipenda. Tineja pia anahitaji mahali pa kwenda. Lakini mwaka 2024 watafiti wa IFS walionyesha kuwa watoto maskini waliokulia karibu na vituo vya kwanza vya Sure Start walifanya vizuri zaidi kwenye mtihani wa GCSE, wakiwa na miaka 16. Majibu yalifika vituo vingi vishafungwa.

Kwa hivyo ukisikia huduma zinaunganishwa, achana na jina. Uliza milango mingapi imebaki, na pesa zake nani anazilinda.