Swichi za hifadhi ya data: jinsi ya kuweka viwango vya tahadhari

Mwenye ghala katika eneo la viwanda la Malukhu, Mbale, siku hizi anaitegemea kompyuta kama anavyoitegemea mizani. Tangu Januari 2021 Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) inawataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT watoe ankara za kielektroniki kupitia mfumo wa EFRIS. Kumbukumbu za mzigo zisipofunguka, kazi ya ankara inakwama, na lori la kwenda Malaba au Lwakhakha linabaki uani huku posho ya dereva ikiendelea kuhesabiwa.

Swichi ni nini

Kampuni yenye seva kadhaa huweka kumbukumbu zake kwenye diski za pamoja. Swichi ya hifadhi ndiyo inayopitisha data kati ya seva na diski hizo. Ikiharibika, madawati yote husimama kwa pamoja. Hata hivyo, mara nyingi hutoa dalili mapema, na kiwango cha tahadhari ni namba unayoiwekea ili ikivukwa upate ujumbe.

Swichi nyingi za bei nafuu hazina uwezo huo. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kama swichi inaweza kusimamiwa kwa mbali na kama inatumia SNMP, lugha inayotumiwa na vifaa vya mtandao kutoa taarifa zake.

Mambo ya kufuatilia

1. Makosa ya data. Swichi huhesabu vipande vya data vinavyofika vikiwa vimeharibika. Usiangalie jumla tangu swichi ilipowashwa. Angalia ongezeko la kila saa. Waya mzima hauna ongezeko la kudumu. Namba ikipanda kila siku, kagua waya, kichwa chake na vumbi.

2. Kukatika kwa njia. Njia inayokatika na kurudi mara kwa mara ni mbaya kuliko iliyokufa kabisa, kwa kuwa seva huhangaika kuitumia.

3. Wingi wa data. Pima wastani wa dakika tano, usipime sekunde moja. Kwa njia moja, wengi huanza na asilimia 80.

4. Joto na umeme. Chama cha wahandisi cha ASHRAE kinapendekeza hewa inayoingia kwenye vifaa iwe kati ya nyuzijoto 18 na 27. Weka tahadhari pia kwa feni na kwa chanzo cha umeme kinachozimika.

Mtego wa njia mbili

Kampuni nyingi huweka njia mbili ili moja ikifa nyingine ibebe kazi. Hapa ndipo asilimia 80 inapodanganya. Ikiwa kila njia inabeba asilimia 60, hakuna tahadhari itakayolia, lakini siku moja ikikatika nyingine itatakiwa kubeba asilimia 120. Ni sawa na malori mawili yaliyojaa kupita nusu: moja likiharibika njiani, shehena yote haiingii kwenye lile lililobaki. Penye njia mbili, weka kiwango chini ya asilimia 50, na njia moja ikifa ujumbe uje papo hapo hata kama kazi inaendelea. Bila ujumbe huo, hakuna atakayejua mpaka ya pili ikatike.

Kupanga namba

Kwanza andika hali ya kawaida kwa wiki mbili au zaidi, zikiwemo siku za mwisho wa mwezi na usiku wa kunakili data. Weka kiwango juu ya kawaida hiyo. Kisha weka namba mbili: tahadhari ilie kwa asilimia 80, izimike ikishuka hadi 60. Namba ikiwa moja, ujumbe utakuja na kuondoka siku nzima, na fundi anayepokea ujumbe mia kwa siku huacha kuusoma.

Ujumbe ufike kwa nani

Kila tahadhari iwe na mtu mwenye jukumu na hatua ya kuchukua. Isiyo na hatua iandikwe tu kwenye kumbukumbu. Usitegemee barua pepe pekee: intaneti ilipozimwa Uganda kuanzia tarehe 13 hadi 18 Januari 2021, tahadhari zilizopita huko pekee hazikuwa na njia. Ongeza ujumbe mfupi wa simu.

Mwisho, kompyuta inayosikiliza isikae chumba kimoja na swichi. Mafuriko ya Mbale ya mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika, yalionyesha kuwa eneo zima linaweza kuathirika usiku mmoja. Mwenye tawi Jinja aweke kompyuta hiyo huko, na aipange ilie pia pale Malukhu inapokaa kimya dakika kumi. Kila mwezi chomoa waya mmoja wa akiba, baada ya saa za kazi, uone kama simu ya fundi italia.