Kufuta

Mwalimu hufuta ubao, hakimu hufuta kesi, mama humfuta mtoto machozi. Kila mara kitu huondoka. Mpiga picha anayerudi Mtwara kutoka Msimbati naye husema amefuta picha kwenye memori kadi. Hapo neno linampotosha. Kamera imeondoa jina la faili kwenye orodha na kuiandika nafasi ile kuwa wazi. Picha yenyewe mara nyingi imebaki palepale mpaka nyingine iandikwe juu yake.

Kwa hiyo bibi harusi wa Mikindani ambaye picha zake zimefutwa kwa bahati mbaya bado ana tumaini, ilimradi kadi itolewe papo hapo na isipigiwe hata picha moja zaidi: programu ya kuokoa faili huweza kuzirudisha. Na anayeuza kadi kuukuu ajue kwamba huenda anauza pia sura za wateja wake. Mimi ningesema “kuachia nafasi”; neno kufuta tuliweke kwa kadi iliyoandikwa upya yote, mwanzo hadi mwisho.