Kuchapa au kuchapisha?
Programu ya ofisini inapotuma maandishi kwenye printa, skrini nyingi huandika "inachapisha". Mimi nashikilia "inachapa". Kuchapa ni kutia maandishi kwenye karatasi. Kuchapisha ni kutoa kitabu au gazeti liwafikie wasomaji. Chapa, neno lenye asili ya Kihindi, linatutosha kabisa.

Na kazi yenyewe ni nyepesi: kila herufi huenda kama namba. A kubwa ni 65. Namba 10 hushusha mstari, 13 hurudi mwanzo wa mstari, 12 hutoa ukurasa. Programu ikisahau hiyo 12, printa nyingi za leza hubaki na ukurasa tumboni, na karani anabofya tena na tena. Skrini imwambie waziwazi: "Bado haijachapa."