Mwalimu wa Usharika na Chama cha Walimu

Historia ya sharika za Kilimanjaro haiwezi kuandikwa bila kumtaja mwalimu. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, shule na kanisa vilikua pamoja. Mwaka 1902 yalianza mafunzo ya walimu Moshi ya Kale, na mwaka 1912 chuo kikahamia Marangu. Aliyehitimu huko hakuwa mwalimu wa darasani tu. Jumapili aliongoza ibada, wiki nzima alifundisha kusoma na kuhesabu, na jioni aliwaandaa vijana kwa ajili ya kipaimara.

Mzigo huo ulionekana wazi katika vita viwili vya dunia. Kufikia mwaka 1920 wamisionari Wajerumani walikuwa wameondolewa, na walimu na wazee wakabaki kulinda kundi. Hali hiyo ilijirudia baada ya vita kuanza mwaka 1939. Katika jamii ya walimu alitoka pia Stefano Moshi, aliyezaliwa mwaka 1906, akawa mwalimu, kisha mchungaji, na hatimaye mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa tarehe 19 Juni 1963.

Hata hivyo, heshima ya mwalimu na ujira wake havikwenda sambamba. Wazazi walimwita baba wa kijiji, lakini mshahara wake ulikuwa mdogo, na mwalimu wa misheni hakuwa na masharti ya kazi sawa na mwenzake wa serikali. Tofauti hiyo ilishughulikiwa baada ya Uhuru, walimu wote walipowekwa katika utumishi mmoja. Miongoni mwa mawaziri wa elimu wa miaka hiyo alikuwamo Solomon Eliufoo, Mlutheri wa Kilimanjaro na mwalimu, aliyekuwa amechaguliwa Rais wa Wachagga mwaka 1960.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za misheni mikononi mwa Serikali. Kwa usharika lilikuwa jambo zito, kwani majengo yaliyojengwa kwa mikono ya waumini hayakuwa tena chini ya Kanisa. Kwa mwalimu lilikuwa jambo la pande mbili. Alipata mwajiri mmoja nchi nzima, lakini mwajiri huyo alikuwa mbali, na malalamiko yake hayakuweza tena kumalizwa katika baraza la wazee.

Ni nani basi angemsemea? Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililoanzishwa mwaka 1955 lilivunjwa baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, na mahali pake pakawekwa NUTA, ambayo katibu mkuu wake alikuwa waziri wa kazi. Mwaka 1978 ikafuata JUWATA, jumuiya ya chama tawala, na mwaka 1991 OTTU. Kwa karibu miaka 30 mwalimu alikuwa na chama, lakini chama hicho hakikuwa na sauti iliyo mbali na sauti ya mwajiri wake. Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilipoanzishwa mwaka 1993, ndipo walimu walipopata chombo chao wenyewe.

Ndipo mwalimu wa Historia alipojikuta katika nafasi ya pekee. Yeye aliyewasimulia wanafunzi habari za mgomo wa makuli wa bandari ya Dar es Salaam wa mwaka 1947, sasa aliitwa kuwa mwakilishi wa wenzake shuleni. Kazi hiyo haikuwa ya hotuba. Ilikuwa ya kufuatilia malimbikizo ya mishahara, nauli za likizo, fedha za uhamisho na madaraja yaliyochelewa, barua moja baada ya nyingine. Tena ilimpasa kujibu manung'uniko ya wenzake juu ya makato ya asilimia 2 yaliyochukuliwa na chama.

Jaribio kubwa lilikuja tarehe 30 Julai 2012. Walimu waligoma wakidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya mazingira magumu ya asilimia 30, na posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa masomo ya sayansi na 50 kwa masomo ya sanaa. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamuru mgomo usitishwe, na walimu wakarudi darasani.

Mgomo huo uliwagusa waumini pande zote mbili. Mzazi alimhurumia mwanawe aliyekaa bila somo. Mwalimu alikumbuka nyumba isiyo na dari na deni la dukani. Maandiko hayamruhusu mtu yeyote kuzuia ujira wa mtenda kazi, wala hayamruhusu mchungaji kuyaacha makundi. Waliomlaumu mwalimu walishika neno la pili, waliomtetea walishika la kwanza, na wote walikaa katika mabenchi yale yale ya kanisa.

Usharika unaoadhimisha miaka 100 una deni kwa mwalimu. Aliufundisha kusoma Biblia na kuandika kumbukumbu zake, akaulinda wachungaji walipokosekana. Kumwombea ni wajibu mwema. Kumsikiliza anapodai haki yake ni sehemu ya wajibu huo huo.