Sukari rahisi katika asali ya Singida

Sukari rahisi, au monosakaridi, ni sukari isiyoweza kuvunjwa na maji ikatoa sukari nyingine ndogo zaidi. Zinazojulikana sana ni glukosi na fruktosi. Zote zina fomula moja, C6H12O6, ila atomi zake zimepangwa tofauti: glukosi ni aldehidi, fruktosi ni ketoni. Ulimi huitambua tofauti hiyo mara moja, kwani fruktosi huizidi utamu sukari ya mezani na glukosi haiifikii.

Kwa mkazi wa Unyambwa, kata ya Manispaa ya Singida, mfano wa karibu ni asali, ambayo pamoja na alizeti ndiyo iliyoupa mkoa wa Singida sifa. Nekta ya maua huwa na sukrosi, yaani ile sukari ya mezani. Nyuki huitilia kimeng'enya kiitwacho invatesi, kinachoigawa sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, kisha huipepea kwa mabawa mpaka maji yapungue. Asali iliyoiva huwa na fruktosi asilimia 38 hivi, glukosi 31 na maji 17.

Glukosi haiyeyuki kwa wepesi kama fruktosi, na ndani ya asali imezidi kiasi ambacho maji yale machache yanaweza kukishikilia. Baridi ya Juni na Julai ikiingia, chengachenga nyeupe hutanda chini ya chupa, na baadaye yote hushikana kama samli. Hapo mnunuzi hulalamika kwamba imechakachuliwa. Humwonea muuzaji bure: asali halisi huganda, na ya alizeti huganda upesi zaidi kwa kuwa ina glukosi nyingi. Chupa ikikalishwa kwenye maji ya vuguvugu, asali hurudi kuwa majimaji. Kuichemsha ni kuiharibu, maana joto kali huinyang'anya fruktosi maji na kuzalisha hidroksimethilifurfurali, ambayo viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex vinataka isizidi miligramu 80 kwa kilo katika asali ya nchi za joto.

Kipimo cha Benedict cha maabara za sekondari, chenye kimiminika cha bluu kinachobadilika rangi kikikutana na sukari kama glukosi na fruktosi, hakimnasi mchakachuaji. Asali safi hugeuka rangi ya tofali, na iliyotiwa sukari ya dukani vilevile, kwa sababu glukosi na fruktosi zimo katika zote mbili. Sukrosi yenyewe hubaki bluu mpaka ichemshwe kwanza na asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Asali safi nayo ina sukrosi kidogo, kwa kawaida chini ya gramu 5 katika kila gramu 100, hivyo kinachotakiwa ni kupima kiasi, kazi isiyowezekana kwa kutazama rangi tu.