Joho la Rumanika

Mgeni afikaye Rwamishenye, mahali pa soko na njia ya kuingilia Bukoba, huona suti, kanzu, khanga na vitenge. Akiuliza mababu wa karne ya 19 walivaa nini, hujibiwa upesi: ngozi, na mbugu, yaani nguo ya magome ya mti yaliyopondwa kwa nyundo. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi.

Miongoni mwa picha za kwanza za watu wa nchi hizi za magharibi ya Ziwa Viktoria ni zile zilizochorwa Karagwe. Mnamo Novemba 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant, maofisa wa jeshi la Waingereza la Bara Hindi, walifika kwa Mukama Rumanika. Januari 1862 Speke alishika njia ya Buganda. Grant, aliyeugua mguu, alibaki hadi Aprili, naye akachora. Kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, michoro hiyo ilikuwa imekwisha pita katika mikono ya mafundi wa London.

Speke asimulia kwamba alimkuta Rumanika amevaa joho jeusi la Kiarabu, shanga za rangi miguuni, na vikuku vya shaba. Joho lile aliliita "choga", neno la Bara Hindi na Afghanistan. Maofisa wa jeshi lile walikuwa na desturi ya kuchora watu wa nchi walizopita pamoja na mavazi yao. Mmoja wao, James Rattray, alichapisha picha za Waafghani huko London mwaka 1848. Basi jicho lililomtazama Rumanika lilikuwa limezoezwa kwingine.

Na joho lenyewe je? Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, katika Karagwe, wakileta nguo na shanga, wakitafuta pembe za ndovu. Kwa hiyo joho la mgeni na mbugu ya mwenyeji yalionekana katika nchi moja, siku zile zile. Atakaye kututenganishia "vazi la asili" na vazi la kuja hana budi kwanza kumvua Mukama joho lake.

Lipo jambo zito zaidi. Speke alimpima shemeji mmoja wa Mukama, mwanamke aliyenoneshwa kwa maziwa kwa desturi ya jumba lile: mkono, kifua, paja, urefu. Vipimo vyote aliviandika. Jina la mwanamke hakuliandika. Rumanika tunamjua kwa jina na kwa joho. Shemeji yake tunamjua kwa inchi.

Mwanafunzi azitazamapo picha hizi, asitosheke kuuliza vazi ni la namna gani. Na aulize pia limetoka wapi, nani amelipa jina, na aliyelivaa aliitwaje nyumbani kwake.