Majina ya Waliokufa Vitani na Wanaofagia Makaburi Yao

Jumuiya yetu, katika kukitengeneza kijitabu hiki cha ukumbusho, imeniagiza niandike habari za minara na makaburi ya vita katika nchi zetu hizi. Nimelipokea agizo hilo kwa moyo mkunjufu, maana lipo swali linalozungumzwa katika baraza zetu za Buyenzi kwa muda sasa, nalo ni hili: je, ndugu zetu waliouawa katika miaka ya fitina wajengewe mnara wenye majina yao, au waachwe katika dua peke yake? Vijana wataka mnara. Baadhi ya wazee wasema hiyo ni bid'a. Kabla sijasema langu, yafaa tutazame yaliyofanywa na wengine.

Mji wetu huu wenyewe chanzo chake ni kambi ya askari. Wajerumani, ambao wazee wetu wakiwaita Wadachi, waliweka kituo chao cha jeshi hapa Usumbura mwaka wa 1897, na katika askari wao Waislamu walikuwa wengi, watu wa pwani, Wamanyema na Wasudani. Ilipofika vita vya kwanza vya dunia, majeshi ya Wabelgiji yalitoka Kongo, yakaingia Usumbura katika mwezi wa Juni 1916, yakapanda hadi Kitega, na tarehe 19 Septemba mwaka ule ule yakautwaa mji wa Tabora. Vitabu vyawataja makanali na majenerali wao mmoja mmoja. Lakini nani aliyebeba risasi, unga na mahema kutoka ziwani hadi Tabora? Wanahistoria wakadiria kwamba Wabelgiji walitumia wapagazi wapatao 260,000 katika vita hivyo, na Waingereza kwa upande wao watu karibu milioni moja. Katika wapagazi wa Waingereza, hesabu ndogo kabisa yasema walikufa kama 95,000, na wengi wao hawakufa kwa risasi, bali kwa kuhara damu, homa, njaa na uchovu. Mtu alianguka njiani, mzigo wake akatwishwa mwingine, safari ikaendelea.

Watu hawa walipata ukumbusho ambao hakuna aliyekusudia kuwapa. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na watu wa Dar es Salaam wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, wakauita mtaa ilipokuwa kambi yao Kariakoo. Nairobi nako wakasema Kariokor. Leo mtu hununua nyanya na vitambaa Kariakoo bila kujua kwamba amelitaja jina la wafu.

Ukumbusho uliokusudiwa upo pia, nao umesimama katika miji mikubwa. Pale katikati ya Dar es Salaam, Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka wa 1916 waliiangusha, na mwaka wa 1927 wakaweka mahali pake askari wa shaba mwenye bunduki, ndiyo Sanamu ya Askari ijulikanayo hata leo. Nairobi na Mombasa nako waliweka zao, na maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Kuandikwa Kiarabu na Kiswahili penye jiwe la serikali zama zile si heshima ndogo, nami siidharau. Ila tazameni vizuri: askari yule wa shaba hana jina. Amesimama badala ya wote, na mama aliyepotelewa na mwanawe hawezi kuweka kidole mahali akasema, huyu ndiye wangu.

Jambo hili halikuwa bahati mbaya. Tume ya Makaburi ya Vita, iliyoundwa Uingereza mwaka wa 1917 kwa shabaha ya kumtendea kila aliyekufa sawa na mwenziwe, ilichapisha uchunguzi wake mwezi wa Aprili 2021, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kusema hivyo. Mzungu aliyekufa alipewa jiwe lake; mpagazi aliachiwa nyasi.

Kuna ukumbusho mmoja wa vita vile ambao watu wa ziwa letu wanaujua bila kuuita hivyo, nao ni meli Liemba. Wajerumani waliiunda kwao, wakaileta vipande vipande hadi Kigoma, wakaishusha majini mwaka wa 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi wa Julai 1916 walipoona adui anakaribia, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito ili zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka wa 1924, na tangu mwaka wa 1927 ikafanya kazi ya kubeba abiria na mizigo. Kisha mwezi wa Mei 2015, watu wetu walipoikimbia nchi wakarundikana katika kijiji cha Kagunga bila maji wala choo, ni Liemba iliyowachukua hadi Kigoma. Meli iliyoundwa kwa ajili ya vita ilipata miaka 100, ikawa kivuko cha wakimbizi wa vita vingine. Mimi sijaona mnara wa mawe uliofanya kazi kama hiyo.

Sasa tuje kwenye miji midogo, maana huko ndiko ukumbusho huwa wa watu wenyewe. Songea, kusini mwa Tanzania, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906 kwa sababu ya Vita vya Maji Maji, wakawazika wengi wao katika kaburi moja. Kila mwaka siku hiyo wazee na wajukuu hukusanyika hapo, nayo makumbusho yako pale pale. Kaboya, katika wilaya ya Muleba, wako askari wa Tanzania waliokufa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kila mmoja na kaburi lake.

Na hapa kwetu Burundi? Kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961, liko mlimani likiutazama mji, nalo lina serikali ya kulitunza. Lakini Kibimba, kando ya njia iendayo Gitega, uko mnara wa wanafunzi na walimu, wengi wao Watutsi, waliofungiwa katika nyumba penye kituo cha petroli na kuchomwa moto mwezi wa Oktoba 1993, mara baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye. Bugendana, Julai 1996, waliuawa watu zaidi ya 300 waliokuwa wamekimbilia kambini, na walionusurika wakabaki wakiishi jirani na makaburi ya jamaa zao. Buta, upande wa Bururi, wamelala vijana 40 wa seminari ya Wakatoliki. Tarehe 30 Aprili 1997 waliamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa, wakauawa pamoja. Dini yao si yetu, lakini tendo lao kila Mwislamu wa Buyenzi analielewa vema, na wenzao huwakumbuka kila mwaka inapofika siku hiyo.

Kwa upande mwingine, waliouawa mwaka wa 1972, wengi wao Wahutu, walikaa karibu miaka 50 bila hata alama. Mwanzoni mwa mwaka wa 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua mashimo karibu na mto Ruvubu, katika nchi ya Karusi, ikatoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Katika udongo ule zilipatikana nguo, miwani na rozari, na kwa vitu hivyo baadhi yao walitambulikana. Fikirini, ndugu zangu: mtu na jina lake na ukoo wake, kisha akatambuliwa kwa miwani!

Hii ndiyo shida ya minara ya nchi yetu. Kila upande unaujua wa kwake, na apitaye penye mnara wa mwenzake hugeuza uso. Mtaa wetu ulikuwa na hali nyingine. Katika miaka ile Kamenge ilikuwa ya Wahutu na Ngagara ya Watutsi, bali Buyenzi kwa sehemu kubwa haikugawanyika. Watu walikaa pamoja, na wafu wetu wakazikwa safu moja.

Kuhusu sheria, nasema kwa kadiri ya elimu yangu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kaburi kupakwa chokaa na kujengewa, na mashekhe wa madhehebu yetu ya Shafi wameona kujenga katika makaburi ya umma ni haramu, kwa kuwa kunawanyima nafasi wengine. Lakini kadhalika imepokewa kwamba yeye mwenyewe aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un ili alitambue. Na mashahidi wa Uhud, ambao walizikwa wawili wawili kaburini, hawakujengewa mnara. Majina yao yalihifadhiwa na watu, nasi tunayasoma mpaka leo. Basi mnara juu ya makaburi siuungi mkono, na wanaosema jina lisiandikwe popote siwaungi mkono pia.

Ninaloliomba ni daftari. Liwekwe msikitini, lisomwe mara moja kwa mwaka siku ya dua, na siku hiyo hiyo makaburi yafagiliwe na yalimwe magugu. Wenye majina na wayalete kwa katibu wa jumuiya baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na jina la baba, mwaka, na mahali mtu alipofia. Asiyejua mahali aandike mwaka, na asiyejua mwaka aandike kama ilikuwa mvua au kiangazi. Kabila halitaandikwa.